Ndimu Puani
Jumanne asubuhi, kwenye daladala la Mbagala, dada mmoja mjamzito aliyekaa kando yangu alikuwa akinusa ndimu iliyokatwa kati, macho ameyafumba. Konda akamfungulia dirisha, mama wa kiti cha nyuma akasema, “Mimba za siku hizi zinadeka.” Neno hilo tulimwambia dada yangu kwenye mimba yake ya kwanza, aliposhindwa kumeza hata maji, akakonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Desemba 2023, watafiti, akiwamo Marlena Fejzo wa Marekani, ambaye mwenyewe alipoteza mimba mwaka 1999 kwa kutapika kulikopindukia, walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwenye kondo, ndiyo kichocheo kikubwa cha kichefuchefu cha mimba, hasa kwa mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla. Deko liko wapi hapo? Mjamzito anayetapika hata maji, mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali apate dripu, na kumwambia ajikaze ni kumtelekeza. Yule dada alishuka Mtongani, ndimu bado iko puani.