Reli ya Nachingwea iling'olewa. Na kumbukumbu je?

Wadau, mwambie kijana wa Dar kwamba Nachingwea iliwahi kuwa na treni, atakucheka. Lakini ndiyo hivyo! Mwaka 1949 garimoshi lilifika Nachingwea likitokea Mkwaya, karibu na Lindi, na baadaye reli ikafika bandari mpya ya Mtwara. Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga. Mradi ukafa mwaka 1951, pauni milioni 36 zikaenda na maji. Reli ikakosa mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata Uhuru, ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Hoja yangu leo si karanga, ni picha. Picha nyingi nilizoziona za enzi zile zina matrekta, mabehewa, na mabwana wa kaptula wenye majina yao kamili. Waliobeba mataruma na kuchimba tuta wameandikwa "wafanyakazi". Basi! Kwani hawakuwa na majina? Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wale ni babu zetu.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1949, leo amevuka 95. Muda hatuna. Wewe ambaye kwenu ni Nachingwea, au Ruangwa iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo kabla haijagawanywa, ukienda likizo usiishie kupiga picha za harusi. Mwombe bibi afungue sanduku la bati. Zipige upya zile picha za zamani kwa simu yako, kisha andika jina, kijiji, kazi na mwaka. Mwombe mzee akuonyeshe tuta lilipopita, mpige picha akiwa amesimama juu yake.

Kuna watakaosema hii ni anasa. Hapana. Leo tunasikia mipango ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ya kubeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na watu wanaongea kana kwamba Kusini haijawahi kuona reli. Iliwahi! Ilitegemea zao moja, zao likafa, nayo ikafa. Anayekumbuka hilo anajua la kuuliza: bei ya chuma ikianguka, treni itabeba nini? Korosho zetu na abiria wetu wamo kwenye hesabu?

Asiyekumbuka atapiga makofi tu siku ya uzinduzi.

Nawasilisha.