Mama, Umepanda Behewa Lipi?



Treni ikifika Tabora, msafiri hupenda kushuka anyooshe miguu na kununua chupa ya asali. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa maana Tabora ni njia panda. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa miaka mingi treni moja iliyotoka pwani ilikatwa hapo: mabehewa mengine yakaenda Kigoma, mengine Mwanza. Yanapopangwa upya, behewa uliloliacha hapa waweza kulikuta kwingine, au usilikute kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa safarini kwenda Mwanza, wauguzi wawili wa kanisa moja. Pamoja nasi alikaa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na binti wa miaka sita. Tulifika Tabora usiku, binti amelala. Mama akatuomba tumwangalie, akashuka kutafuta maji ya moto. Aliporudi aliingia behewa la daraja lile lile, akaona watu wamejifunika khanga, akaketi. Lilikuwa la Kigoma, nalo likaondoka kabla ya letu.

Tulipoona harudi tulimwamsha binti.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama."

"Kwenu ni wapi?"

"Kwa bibi."

Tukashuka naye na mizigo yote, safari yetu tukaiacha. Mtu wa zamu akapiga simu stesheni za mbele.

Alfajiri binti akaanguka kifafa. Vidonge vyake mama alikuwa amevifunga kwenye pindo la khanga, nasi hatukujua habari zake. Tulimlaza kwa ubavu, tukasogeza vitu vigumu, tukamlegeza nguo shingoni, wala hatukumtia kitu chochote mdomoni. Baada ya dakika mbili hivi degedege lilikoma. Lingepita dakika tano tungemkimbiza hospitali usiku ule ule. Kulipokucha tulimpeleka akapimwe.

Mama alishushwa Urambo, akarudi kwa basi mchana. Alimkumbatia mwanawe, akalia asiweze kusema. Hatukumlaumu. Hata sisi tulikubali kuachiwa mtoto bila kuuliza jina la mama yake, wala kama mtoto ana ugonjwa wowote.

Watu wa misafara ya zamani walizijua hatari za njia panda. Njia ya Bagamoyo ilipofika Tabora iligawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia, aliweka matawi mabichi kuiziba njia isiyo yao, au akachora mstari kwa mguu, ili waliochelewa nyuma wasipotee. Nasi tuwawekee watoto wetu matawi:

1. Kabla ya kushuka, soma namba ya behewa lako na bandiko la mwisho wa safari. Ukirudi, uliza kwa sauti, "Hili laenda wapi?" Kuuliza si ushamba.

2. Tiketi yako ikae mwilini, isibaki kwenye mzigo.

3. Mtoto wa miaka minne aweza kujifunza jina lake kamili, la baba, la mama na la kijiji. Mwimbishe kila siku.

4. Mshonee mfukoni karatasi yenye majina hayo na namba ya simu. Kama ana kifafa, pumu au ugonjwa mwingine, andika dawa na kipimo chake.

5. Ukimwachia mtu mtoto, mwachie na dawa zake.

Kwenye kiwanja cha ndege mambo ni yale yale. Ndege mbili zaweza kuegeshwa karibu, abiria wakazifuata kwa miguu. Usifuate mgongo wa mtu. Linganisha namba ya safari iliyo kwenye kadi yako na ile inayotangazwa, kisha mlangoni uliza tena. Na ndege ikitua mji mwingine njiani, usishuke kwa sababu tu wengine wameshuka.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Mama yake alitusimulia kwamba kwa miaka mingi hakutoka nyumbani, hata kwenda kisimani, bila karatasi yake mfukoni.