Gunia tunalipima, mgongo wa mama hatuupimi



Kila siku ya kupokea mavuno, kuna jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Mama kijana, hata miezi miwili haijaisha tangu azae, anafika depo na kamba kwenye paji la uso, muhogo mgongoni, mtoto kifuani. Karani anapima mzigo, anaandika kilo, anaita mwingine. Yule mama anakaa chini pole pole, mkono kiunoni. Tukimuuliza, anajibu: «Ni mgongo tu, ni mambo ya kuzaa.»

Sisi tunaona jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kuzaa kunachosha kiuno, ndiyo. Wakati wa mimba, mwili unatoa homoni zinazolegeza kano za nyonga, ili mtoto apate njia. Tumbo likikua, uzito unavutwa mbele, na mgongo wa chini unajikunja zaidi ili mama asianguke. Misuli ya tumbo, ambayo inasaidia mgongo kusimama, inatanuka na kupoteza nguvu. Ndiyo maana karibu nusu ya wanawake wenye mimba wanasikia maumivu ya kiuno. Lakini kwa wengi maumivu hayo yanapungua katika miezi michache baada ya kuzaa, mwili ukipata nafasi ya kujikaza tena.

Ile nafasi ndiyo sisi tunamnyima. Tunamrudishia gunia la kilo 50 wakati mwili wake bado haujakaza. Kisha mimba nyingine inakuja mbele ya huyo mama kupona, wakati Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa.

Wengine watasema: «Mama zetu walibeba, na hawakufa.» Ni kweli, walibeba. Basi tuwaulize wenyewe namna wanalala usiku.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inampa mwanamke mwenye mkataba wa kazi wiki 14 za pumziko la uzazi. Mama mkulima hana bosi wa kumwandikia ruhusa. Akibaki nyumbani, kilo zake haziandikwe, na pesa ya sabuni na dawa ya mtoto inakosa. Kwa hiyo anabeba. Ushirika ndio unaweza kubadilisha hilo, na tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tupokee magunia madogo ya kilo 20 au 25. Kazi ya karani itaongezeka kidogo, lakini tutaivumilia.

Pili, mama mwenye mimba kubwa, au ambaye hajamaliza miezi mitatu tangu azae, asibebe mzigo mzito. Mavuno yake yafuatwe kwa chukudu, toroli au pikipiki, na gharama ilipwe na kasha la ushirika. Gari likikosa, tungoje: muhogo unaweza kukaa ndani ya udongo wiki nyingi bila kuoza. Yeye anaweza kuchagua mbegu au kusaidia kuandika. Pumziko si kulala siku nzima. Kutembea na kazi nyepesi vinasaidia mgongo.

Tatu, wababa wabebe. Tunajua mwanaume akibeba kitunga anachekwa njiani. Wanaume walio kati yetu wamekubali kuanza, wachekwe wao kwanza.

Tena, si kila maumivu ni ya uzazi. Mama akisikia ganzi miguuni au katikati ya mapaja, akishindwa kuzuia mkojo, au miguu ikipoteza nguvu, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Na mgongo ukiuma pamoja na homa au kukonda, asikawie kwenda kupimwa, kwa sababu hata kifua kikuu kinaweza kushika mifupa ya mgongo.

Tunaomba komite iweke jambo hili kwenye mkutano mkuu unaokuja. Na siku ile, wamama vijana wapewe neno mbele, wababa tusikilize. Mavuno tunayojivunia yanafika depo juu ya migongo yao.