Kijiti mkononi, mimba tumboni

Mhariri,

Naandika kabla hasira hazijapoa. Jana nimetoka hospitali na mimba ya wiki 11, na kijiti cha uzazi wa mpango bado kimo mkononi. Ukipapasa chini ya ngozi unakikuta, kinateleza kama njiti ya kiberiti. Nesi alikibonyeza mara mbili, akaniuliza mbele ya foleni nzima: "Mama, una hakika hukwenda kukitoa ukakirudisha?" Watu wakacheka.

Nina kifafa tangu darasa la tano. Nameza kabamazepini asubuhi na jioni. Siku ya kuwekwa kijiti nilikwenda na kadi yangu ya dawa, nikaiweka mezani. Aliyenihudumia aliisogeza pembeni apate pa kuweka trei. Hakuifungua. Jana ndipo nilipoambiwa na daktari mmoja mgeni, tena kwa upole, kwamba kabamazepini, na hata fenobabito, hulifanya ini lizisage haraka homoni za kijiti na za vidonge vya majira, zikaishiwa nguvu. Sindano ya miezi 3 au kitanzi cha shaba ndivyo vingenifaa. Vyote vilikuwamo kabatini siku ile!

Na miaka yote nimekuwa nikisema kwamba naanguka zaidi siku mbili tatu kabla ya hedhi. Jibu ni lilelile: punguza mawazo, mama. Huyo mgeni ndiye wa kwanza kukiri kuwa homoni za mwezi zikipanda na kushuka, kifafa nacho huweza kuchachamaa. Ninalo kovu la mafuta ya kukaangia mihogo, kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nilianguka mchana kweupe, majirani wakasimama mbali wakiogopa povu, eti linaambukiza. Aliyenivuta kutoka jikoni ni mwanangu wa miaka 8.

Nesi huyohuyo wa jana akanishauri niache dawa ili nisimdhuru mtoto. Nikamuuliza, na nikiliangukia jiko na tumbo hili? Daktari alikwisha kunionya kuwa kuziacha ghafla kunaweza kuniua. Nesi akasema yeye anashauri tu.

Dawa yenyewe hapa Kilwa Masoko leo ipo, kesho haipo, kwa hiyo naagiza Dar ije na basi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, nilikaa siku sita nikikata kidonge nusu kwa kisu cha samaki. Waheshimiwa walikuja na mabuti mapya, wakapigwa picha penye maji, wakaondoka. Hao ndio hutuletea khanga na kofia wakati wa kampeni, na sisi tunazipokea, sijui nani katuroga. Gesi yetu ya Songosongo imepata bomba la kuifikisha Dar tangu 2004. Kidonge cha kutoka Dar kuja Kilwa kinasubiri tingatinga.

Jana niliomba basi kijiti kitolewe, maana hakina kazi tena. Nikaambiwa anayejua kutoa yuko semina Lindi, nirudi Jumatatu. Jumatatu ni siku yangu ya kliniki ya kifafa, upande mwingine wa mji, na foleni zote mbili zinaanza saa moja asubuhi.

Mama wa watoto watatu, wa nne njiani,
Kilwa Masoko