Mbu Aliyehamia Mjini

Kwa malaria, mkazi wa mjini alizoea kujiona na nafuu kuliko ndugu yake wa kijijini. Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria huku kwetu, hupenda vidimbwi vya mvua vilivyo wazi juani, na lami na saruji humpunguzia mazalio. Nafuu hiyo sasa imo hatarini.

Tishio ni mbu mwingine wa malaria, Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia Kusini na Rasi ya Uarabuni. Mwaka 2012 aligunduliwa Djibouti, nchi iliyokuwa na wagonjwa wa malaria 27 tu mwaka huo na ikikaribia kuutokomeza ugonjwa. Kufikia 2020 wagonjwa walikuwa zaidi ya 73,000. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa, Ethiopia, ulikumbwa na mlipuko wakati wa kiangazi, msimu ambao malaria hutulia, na watafiti wakamhusisha mbu huyuhuyu.

Kenya ilimtangaza Februari 2023, baada ya kumpata Laisamis na Saku, kaunti ya Marsabit. Ni eneo kame, na hapo ndipo penye uzito. Mbu huyu hategemei mvua. Huzaliana kwenye maji ya akiba: pipa, tangi, birika la saruji. Watu huweka maji kwa sababu bomba halitoki, na ni dhuluma kumlaumu mama anayejaza pipa kwa ajili ya wanawe.

Chandarua kiendelee kugawiwa, lakini hakitoshi. Stephensi huuma hata nje, watu wakiwa bado hawajalala, na amekuwa sugu kwa dawa nyingi za kuua wadudu.

Kwa hiyo malaria ya mjini ni suala la maji, na wizara za maji haziwezi kuiachia afya peke yake. Mumbai, mji uliomjua mbu huyu zamani, hulazimisha matangi yafunikwe asipate pa kupenya. Dar es Salaam nayo ilianza mwaka 2004 mpango wa kuua viluwiluwi mtaa kwa mtaa, na Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kazi hiyohiyo. Tena pipa likifunikwa, Aedes aegypti, mbu wa dengi iliyolisumbua jiji hilo mwaka 2014 na 2019, naye hukosa pa kutagia.

Bajeti za kaunti na halmashauri ziweke fungu la wakaguzi wa matangi, mifuniko kwa kaya zisizomudu kuinunua, na mabomba yanayotoa maji kila siku.