Inueni Kiti Kabla ya Safari

Nina neno juu ya Noah za zamani zinazochukua jamaa nzima baina ya Handeni na Korogwe. Injini yake imo chini ya viti vya mbele. Kuitazama sharti uinue kiti, na wengi huona taabu.

Likizo iliyopita gari letu lilichemsha mlimani. Mpira wa maji, uliokuwa ukivuja siku nyingi, ulipasuka, na silinda hedi ikapinda. Baba akauza magunia sita ya mahindi kumlipa fundi; mpira mpya ungalimgharimu debe moja tu.

Basi tazameni maji na oili asubuhi, injini ikiwa baridi. Rejeta ikiwa moto msiifungue, itawaunguza.

Siku hizi nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayeinua kiti. Baba hunung'unika kwamba namchelewesha.