Nyumba Yetu: Mtoto Anapougua Akili



Mtoto akipata homa, majirani wote huja kumjulia hali, na baba hutoka usiku kumtafutia dawa. Lakini mtoto huyo huyo akiugua akili, mlango hufungwa, na wazazi husema, "Ana kiburi," au "Amepagawa." Aibu hii ndiyo inayotuangamizia watoto.

Wala jambo hili si la nadra. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana maradhi ya akili. Basi ni haba mtaa au madrasa asimokuwamo mmoja wao.

Tazameni yaliyotokea Kaduna, Nigeria, mwezi wa Septemba 2019. Polisi waliingia katika nyumba moja iliyojiita madrasa, wakakuta wanaume na watoto zaidi ya 300, wengi wamefungwa minyororo, nao wakaeleza walivyopigwa na kudhalilishwa. Wengi walipelekwa pale na jamaa zao wenyewe ili warekebishwe: huyu kwa dawa za kulevya, yule kwa ukaidi. Jamaa walikusudia kheri, lakini baadhi yao hawakuyajua yaliyokuwa nyuma ya ukuta.

Je, huu ndio mwendo wa Uislamu? Hasha! Mtume wetu s.a.w. ametuhimiza kujitibu, na sheria yetu haimwandikii dhambi mtoto mpaka abaleghe, wala mwenye wazimu mpaka zimrudie akili zake. Ikiwa kalamu imeinuliwa juu yao, mnyororo umetoka wapi? Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga mjini Kairo hospitali ya wakfu, ikitibu watu bure, na wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao humo.

Basi, ewe mzazi, ukimwona mwanao kwa majuma mengi hapati usingizi, anawakimbia wenziwe, au masomo yamemshinda, kaa naye umsikilize kabla hujamkemea. Kisha mpeleke kwa tabibu. Walio wengi hutibiwa huku wakiishi kwao, wakienda shule na kuswali na ndugu zao, na watu wa nyumbani wakafundishwa namna ya kuwasaidia. Lakini akitaja kufa au kujidhuru, usimwache peke yake; mpeleke hospitali siku ile ile.

Kulazwa mbali na kwao ni kwa yule ambaye nyumbani hawezi kusalimika. Nawe kabla hujamwacha huko, uliza: Tabibu ni nani, na je, ana idhini ya serikali? Naweza kumzuru na kusema naye faragha? Atasoma? Atarudi lini? Wakikukataza kuona anapolala, mshike mkono mwanao mrudi nyumbani.

Dua tuombe, na Kurani tumsomee. Lakini dua haimfukuzi tabibu. Mtoto ni amana, na Siku ya Hesabu tutaulizwa tulimkabidhi nani.

Wabillahi taufiq.